Ploti ya futi 50 kwa 100 inasomeka mita 30.50 badala ya 30.48 ndani ya AutoCAD: kosa liko wapi?

#1 KalamuNaRula (Nakuru)

Habari zenu. Mimi huchora ramani za nyumba hapa Nakuru, na AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, ndiyo jembe langu la kila siku. Juma lililopita mteja aliniletea faili ya DWG kutoka kwa mpimaji ardhi wake, akitaka nimwekee nyumba ya vyumba vitatu ndani ya ploti iliyo kwenye mteremko wa Menengai. Ploti yenyewe aliuziwa kwa jina la hamsini kwa mia, yaani upana wa futi 50 na urefu wa futi 100, na kwa hesabu ninayoijua futi 100 ni mita 30.48. Nilipopima upande mrefu kwa amri ya DIST nilipata 30.50. Nilirudia mara tatu, kila mara nikisubiri kile kimraba cha kijani cha kunasa ncha kiwake kabla sijabofya, na jibu likabaki lile lile.

Tofauti ni sentimita 2 tu, lakini inaniudhi kwa sababu nimeichora nyumba kwa vipimo kamili, nikaacha nafasi mbele na nyuma, na sasa jumla ya vipimo vyangu haiafikiani na mpaka. Nimwamini nani: makubaliano ya mauzo, mpimaji au mashine?

#2 KambaNaTimazi (Kisumu)

Ndugu Kalamu, kumbe sentimita 2 ndizo zinazokunyima usingizi? Mimi ni fundi wa kujenga, na ninakuhakikishia kwamba mtaro wa msingi huchimbwa kwa jembe, na jembe halijui desimali. Chokaa na saruji katikati ya mawe mawili zinaweza kumeza hizo sentimita zako na zikabaki na njaa. Chora, printi, tuletee.

#3 DadaWaKondele (Kisumu)

Usimsikilize fundi, kwa maana yeye ndiye atakayekupigia simu ukuta ukigusa bikoni (alama ya mpaka) ya jirani.

Kwanza tuondoe lililo rahisi. Wengi watakuambia utazame INSUNITS, yaani vizio vya faili. Hilo ni jambo la kutazama kila unapopokea faili ya mtu, kwa sababu wapimaji huchora kwa mita na sisi huchora kwa milimita, lakini kosa la vizio lingekupa ploti kubwa mara 1,000 au ndogo mara 1,000. Halikupi sentimita 2. Kwa hiyo vizio tuviache.

Mimi nashuku kikokotoo cha mtu. Futi moja ni mita 0.3048 kamili, na imekuwa hivyo tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959, lakini watu wengi waliikariri shuleni kama 0.305. Zidisha 0.305 kwa 100 uone unapata nini. Tafadhali utupimie upana pia, kisha utuambie.

#4 MzeeWaNjoro (Njoro)

Salamu kwenu vijana. Nilianza kazi hii kwa kalamu ya wino juu ya karatasi angavu, wakati kosa moja lilikwanguliwa kwa wembe, na nikaingia AutoCAD ikiwa bado inakaa juu ya DOS. Jambo moja lililonitesa tangu siku hizo ni Z, yaani kimo cha kila nukta.

Amri ya DIST haipimi umbali wa ramani, inapima umbali wa angani kati ya nukta mbili. Ikiwa mpimaji ameleta bikoni zake pamoja na mwinuko wa kila moja, mstari unaouona bapa kwenye kioo kwa kweli umeinama. Chukua ploti ya mita 30.48 ambayo upande mmoja uko juu ya mwingine kwa mita 1.10, utafute mshazari wake kwa kanuni ya Pythagoras, nawe utapata 30.50. Katika mteremko wa Menengai mita 1.10 si ajabu hata kidogo.

Kalamu, rudia DIST, safari hii ubonyeze F2 ili dirisha la amri lifunguke lote, usome jibu hadi mwisho. Chini kabisa utaona Delta X, Delta Y na Delta Z. Hiyo ya tatu ikiwa si sifuri, umempata mwizi. Baadaye weka OSNAPZ kuwa 1 ili kila unachonasa kikae kwenye sakafu moja, au nakili faili na utumie FLATTEN, amri ya kulaza kila kitu, kwenye nakala hiyo. Nasema nakala. Faili ya mpimaji haiguswi, maana ile miinuko ndiyo utakayoihitaji siku ya kupanga ngazi na mifereji ya maji.

#5 KalamuNaRula

Asanteni. Nimefanya yote mawili. Upana unasomeka 15.25, wakati futi 50 ni mita 15.24. Delta Z ni 0.00 pande zote nne.

#6 DadaWaKondele

Hamsini mara 0.305 ni 15.25. Mia mara 0.305 ni 30.50. Mzee wangu, kwa heshima zote, mwizi amekamatwa na si Z.

#7 MzeeWaNjoro

Binti yangu, usifunge jalada kabla ya shahidi kumaliza. Delta Z kuwa sifuri kunaonyesha tu kwamba faili imelazwa. Hakuonyeshi kwamba ardhi ilipimwa mlalo. Kama aliyegawa shamba alipitisha tepu juu ya nyasi akifuata mteremko, kisha namba alizoandika zikachorwa kwenye kompyuta kama za mlalo, mteremko umeshaingia kwenye urefu na Z haipo tena ya kumshtaki. Ploti inayoteremka kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, itarefuka pande zote mbili. Kwa upana wa 15.24 unahitaji tofauti ya sentimita 55 tu ili usome 15.25. Kalamu, ploti hiyo inateremka kuelekea wapi?

#8 KalamuNaRula

Inateremka kwa mshazari, Mzee. Nilisimama pale siku ya kwanza, na bikoni ya pembe ya chini sikuiona hadi mlinzi alipoyafyeka majani kwa panga.

#9 MpimajiLurambi (Kakamega)

Nimesoma kimya kimya hadi hapa, na kwa kuwa wapimaji wametajwa mara kadhaa kama washukiwa, naomba nafasi ya kujitetea.

Dunia ni mviringo na kioo cha kompyuta ni bapa, kwa hiyo kila mfumo wa koordineti unaolaza nchi juu ya karatasi lazima uvute mahali fulani na ubane mahali pengine. Sisi hutumia sana UTM, ambayo huikata dunia katika kanda za digrii 6 kila moja. Kwenye mstari wa kati wa kila ukanda umbali hubanwa hadi 0.9996 ya ukweli wake. Ukienda kando kiasi cha kilomita 180 umbali unakuwa sawa na ukweli, na ukipita hapo unaanza kuvutwa. Nakuru mjini iko ukanda wa 37, ambao mstari wake wa kati ni digrii 39 mashariki, na kutoka hapo hadi Nakuru ni kama kilomita 326. Mko pembeni kabisa mwa ukanda. Mvuto hapo unafika takriban 1.0009. Kisha kuna mwinuko: mji uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kuushusha umbali hadi usawa huo kunapunguza kama 0.0003. Kinachobaki ni karibu 1.0006.

Zidisha sasa. 30.48 inakuwa 30.499, na 15.24 inakuwa 15.249. Ukiwa umeiweka AutoCAD ionyeshe desimali mbili, utasoma 30.50 na 15.25. Mpimaji hakukosea, mashine haikukosea, na ploti ina futi 100 zake. Wewe unasoma umbali wa gridi ukidhani ni umbali wa ardhini.

Ili kuthibitisha, andika ID, amri ya kusoma koordineti za nukta, unase pembe moja, kisha utuambie namba mbili za kwanza zinaanzaje.

#10 KambaNaTimazi

Kwa hiyo ardhi ya Nakuru inavutika kama chapati na ya Kisumu haivutiki? Mpwa wangu huchora, na nimemwomba sasa hivi apime ploti ya hamsini kwa mia tuliyoijengea kule Mamboleo, naye pia alipewa faili ya mpimaji. Yake inasomeka 30.48. Nawasilisha.

#11 MpimajiLurambi

Umenisaidia bila kukusudia, ndugu fundi. Kisumu iko ukanda wa 36, mstari wa kati ni digrii 33, na umbali kutoka hapo ni kama kilomita 195 tu. Mvuto wake ni mdogo sana, haufiki hata 1.0001, na mwinuko wa mji ulio kando ya ziwa, mita 1,100 na ushei, unaurudisha nyuma hadi chini kidogo ya 1. Ploti ya 30.48 itasomeka 30.477 hivi, ambayo kwa desimali mbili ni 30.48. Kwa hiyo mpwa wako na Kalamu wote wanasema kweli.

#12 DadaWaKondele

Au mpimaji wa Mamboleo alitumia 0.3048 na yule wa Nakuru akatumia 0.305. Maelezo yangu pia yanawapatanisha wote wawili, tena bila kuzungusha dunia.

#13 MwalimuWaJioni (Kisumu)

Hamjambo. Nafundisha uchoraji wa kompyuta jioni, na kuna kosa moja ambalo wanafunzi wangu hulifanya kila muhula nami sijaona likitajwa. Nalo ni ALIGN.

Mtu akipewa ploti iliyoinama na nyumba iliyonyooka, hutumia ALIGN ili kuiweka moja juu ya nyingine. Unabofya nukta ya kwanza na mahali inapokwenda, nukta ya pili na mahali inapokwenda, kisha unabonyeza Enter. Hapo programu inauliza kama unataka vitu vikuzwe au vipunguzwe ili vilingane na nukta hizo. Jibu lililowekwa tayari ni hapana, lakini mwenye haraka huandika Y, na mchoro wote unavutwa kidogo ili utoshe. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Mlango wa milimita 900 unakuwa 900.6 na hakuna anayeuona.

Kwa hiyo huenda mpimaji alileta ploti ya 30.48, mtu mwingine akailaza juu ya mchoro wake kwa ALIGN akajibu ndiyo, na wewe ukaletewa faili iliyopitia mkono wa tatu. Muulize mteja faili ilipitia kwa nani.

Na jambo la pili: usiamini kamwe kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro hadi ukiguse. Niliwahi kusimamia kibaraza ambacho mchoro ulisema ni 2400 na fundi akapata 2350, kwa sababu mchoraji alichoka kurekebisha mstari, akabofya mara mbili kwenye namba na kuiandika kwa mkono. Tangu siku hiyo nikipokea faili huchagua vipimo vyote, nafungua Properties, natazama mstari wa Text override. Ukiwa mtupu, namba ni ya kweli. Ukikuta kitu humo, futa au uandike <> ili programu irudishe kipimo chake yenyewe. Tazama na DIMLFAC, kizidishi cha vipimo, maana isipokuwa 1 vipimo vyote vinasema uongo kwa pamoja na kwa adabu.

#14 KambaNaTimazi

Mwalimu, yule fundi wa 2350 alilipwa au alilaumiwa?

#15 MwalimuWaJioni

Alilaumiwa asubuhi akalipwa jioni. Mchoraji ndiye aliyenunua mawe ya kurudia.

#16 KalamuNaRula

Nimerudi na majibu. ID kwenye pembe ya kaskazini magharibi inanipa X inayoanza na 173 elfu na Y inayoanza na milioni 9.96. Kuhusu mikono, mteja anasema faili ilitoka kwa mpimaji ikapita kwa "kijana mmoja wa saiba" aliyeifungua ili kuiprinti, kisha ikanifikia mimi.

Nimepandisha LUPREC, yaani idadi ya desimali, hadi 4 kama mlivyodokeza kuhusu desimali. Upande mmoja mrefu ni 30.4962 na wa pili ni 30.5038. Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo.

#17 MpimajiLurambi

X ya 173 elfu na Y ya milioni 9.96 ni UTM ukanda wa 37 kusini bila shaka. Y ni kubwa kiasi hicho kwa sababu upande wa kusini wa ikweta huongezewa milioni 10 ili namba zisiwe hasi. Wanaopita Maseno wakielekea Busia wanavuka mstari huo bila kujua kwamba kwenye kompyuta wameruka mita milioni 10, na nimewahi kuona mchoro wa bomba la maji ambao nusu yake ilikuwa Kenya na nusu iliyobaki, ukifanya ZOOM Extents, ilikuwa nukta mbili kwenye kioo cheupe.

Kuhusu desimali 4, usizifuate. Koordineti zikiandikwa kwa desimali 2, kama wengi tunavyoziandika, kila pembe inaweza kuwa imesogea nusu sentimita kila upande, na mstari unaounganisha pembe mbili unaweza kukosea hadi karibu sentimita moja. 30.4962 na 30.5038 ni namba moja iliyokunjwa mara mbili. Wastani wake ni 30.50.

#18 DadaWaKondele

Wastani wake ni 30.5000 kamili, si 30.499. Nasema tu.

#19 MpimajiLurambi

Dada, kwa makosa ya nusu sentimita huwezi kutenganisha 30.500 na 30.499. Tofauti hiyo ni milimita moja.

#20 DadaWaKondele

Basi nawe pia huwezi.

#21 MzeeWaNjoro

Nimecheka peke yangu. Mpimaji, mimi sipingi hesabu yako ya gridi, lakini inategemea kifaa. Kama kijana alipima kwa GPS ya kisasa, namba zake ni za gridi na maelezo yako yanasimama. Kama alipima kwa total station, kile kifaa cha kupima pembe na umbali, akaiacha skeli kwenye 1, akaanza na bikoni moja inayojulikana na kuendelea kwa pembe na umbali, basi urefu wa mistari yake ni wa ardhini hata kama koordineti zinafanana na za UTM. Katika hali hiyo 30.50 ni 30.50 kweli, na tunarudi kwa tepu ya mteremko.

Nirekebishe pia jambo moja dogo kabla halijakua. Mtu asidhani kwamba Nakuru yote iko ukanda wa 37. Mpaka wa kanda ni digrii 36 mashariki, nao unapita magharibi kidogo mwa mji. Mimi niliye hapa Njoro niko ukanda wa 36, na Molo pia. Nimewahi kuletewa mchoro wa barabara ya kutoka Nakuru hadi huku ambao vipande viwili vilikataa kuungana, na kijana aliyeuchora akawa anaviburuta kwa MOVE hadi macho yamwambie vimekaa. Dawa ni kuugeuza upande mmoja kwa programu ya ramani kama QGIS uingie ukanda wa mwenzake. Kuburuta ni kujidanganya.

#22 MpimajiLurambi

Hoja ya total station naikubali, Mzee. Mpimaji mwenyewe ndiye wa kuulizwa.

Niongeze, kwa faida ya wanaochukua nukta kwa simu: ramani zetu nyingi ziko kwenye Arc 1960 na simu husoma WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni karibu mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Ukiweka nukta ya simu juu ya mchoro wa mpimaji bila kuigeuza, ploti yako itakuwa kwenye shamba la mtu mwingine kabisa.

#23 LeyaSifuri (Eldoret)

Samahani kwa kuingia katikati. Je, haiwezekani kwamba AutoCAD yenyewe hupoteza usahihi kwa sababu ya namba kubwa kama hizo milioni 9? Mimi nikifungua faili za wapimaji, hachi (michirizi ya kujaza eneo) hukataa kujaa, duara huonekana na kona, na nikizungusha mchoro mistari hutetemeka.

#24 MwalimuWaJioni

Dalili zako ni za kweli lakini ugonjwa ni mwingine. Programu hutunza kila namba kwa tarakimu muhimu 15 hivi. Milioni 9.96 inatumia 7 kabla ya nukta, kwa hiyo zinabaki 8 za desimali, na sentimita 2 haziwezi kupotelea huko. Kinachoteseka ni uchoraji wa kioo na baadhi ya hesabu za hachi, ambazo hazipendi kuwa mbali na sifuri.

Watu wengi hutibu kwa kuuvuta mchoro wote hadi 0,0, na huo ndio mwanzo wa msiba, kwa sababu siku mpimaji akileta marekebisho hayatakaa mahali pake. Mimi hufanya hivi: faili ya mpimaji inabaki ilivyo, bila kuguswa. Nyumba naichora kwenye faili yake, karibu na sifuri, kwa milimita, mlango wa mbele ukitazama chini ya kioo ili nisipindishe shingo. Kisha ninafungua faili ya tatu, ya mpango wa kiwanja, ninaambatisha zote mbili kwa XREF, yaani zinaonekana humo bila kuchanganywa nayo, na ile ya nyumba pekee ndiyo ninayoizungusha na kuisogeza. Ploti ikiwa imeinama, ninaweka UCS (mihimili ya X na Y) kwa kunasa mpaka wa mbele, naandika PLAN, na kioo kinanyooka huku koordineti za kweli zikibaki salama chini. Hachi ikigoma, nasogeza HPORIGIN, mahali hachi inapoanzia, hadi pembe ya chumba chenyewe.

Ukihitaji kuhamisha kitu kati ya faili mbili zenye koordineti moja, nakili kwa kawaida halafu utumie PASTEORIG. Kitatua pale pale kilipotoka. Niliifahamu amri hiyo baada ya miaka mingi ya kubofya kwa kukisia, na sijui ni nani wa kumdai muda wangu.

#25 LeyaSifuri

Nimejaribu UCS na PLAN sasa hivi, na kioo kimenyooka. Nashukuru sana. Swali la mwisho: stima ikipotea kabla sijahifadhi, kuna namna?

#26 KalamuNaRula

Hilo nalijua mimi kwa machozi. Kuna faili yenye mwisho wa .sv$ kwenye folda ya muda, ambayo programu huihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 10 isipokuwa umeibadilisha SAVETIME. Ibadilishe jina iishie na .dwg, kisha ifungue. Ile ya .bak iliyo kando ya mchoro wako ni ya hifadhi iliyotangulia ya mwisho, nayo hufunguliwa vivyo hivyo. Mimi nimeweka dakika 5, kwa maana mvua za huku na stima haziishi nyumba moja.

#27 MamaKontrakta (Bungoma)

Naomba nimjibu fundi wa #2, aliyesema sentimita 2 humezwa na chokaa. Kwa nyumba moja nakubali. Mwaka juzi tulipanga ploti 20 kwa mstari mmoja, kila moja futi 50, na aliyetutolea namba alikuwa amezitoa kwa 15.25. Tofauti ni sentimita moja kwa ploti. Tulianzia upande wa barabara, tukapiga vigingi kwa furaha, na tulipofika wa 20 bikoni ya mwisho ya shamba ilikuwa ndani ya ploti kwa sentimita 20. Mnunuzi wa ploti hiyo alikuja na tepu yake.

Na ninyi mnaouza, acheni kuiita hamsini kwa mia "moja ya nane ya ekari". Moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, wakati hamsini kwa mia ni 5,000. Hapo hazipotei sentimita, hapo kinapotea chumba.

#28 KambaNaTimazi

Mama, nimenyamaza. Sentimita 20 ni upana wa tofali.

#29 DadaWaKondele

Naomba ifahamike kwamba kisa cha Mama kimesababishwa na 15.25, yaani 0.305.

#30 MpimajiLurambi

Bungoma hakuna mvuto wa gridi wa kiasi hicho, kwa hiyo huko nakupa ushindi. Nakuru bado sikupi.

#31 MwalimuWaJioni

Na kijana wa saiba bado hajahojiwa na mtu yeyote. Kalamu, njia ya kumhoji ni rahisi: iombe faili ya awali kutoka kwa mpimaji mwenyewe, uiambatishe chini ya hii yako kwa XREF kwenye 0,0 bila kuizungusha. Pembe zote nne zikilingana, kijana hana hatia. Pembe moja ikilingana na nyingine tatu zikipishana, mtu alijibu ndiyo kwenye ALIGN.

#32 KalamuNaRula

Nimempigia mpimaji. Yuko shambani na atanitumia faili keshokutwa. Nilipomuuliza alitumia kifaa gani alisema "vyote viwili", na simu ikakatika.

Kwa sasa nimechora mpango wa kiwanja kwa mpaka wa mpimaji kama ulivyo, 30.50, na nyuma ya nyumba nimeacha sentimita 10 zaidi ya zinazohitajika. Jumamosi nitakwenda mwenyewe na tepu ya chuma ya mita 50. Mlinzi amekubali kushika upande wa chini.

#33 MzeeWaNjoro

Vizuri. Lakini utaishikilia tepu mlalo kwa timazi, kipande kwa kipande, au utailaza kwenye nyasi?

#34 KambaNaTimazi

Timazi ninazo mbili. Atume nauli ya kutoka Kisumu.